Mtoaji Namba Sita

Bupe alitembea kwa mara ya kwanza Jumanne moja asubuhi, kwenye baraza ya nyumba yao Tukuyu, mvua ikinyesha. Alishika mguu wa stuli, akauachia, akapiga hatua tatu, kisha akaketi chini kwa kishindo na kucheka. Mama yake, Atuganile, aliyaona hayo yote siku kumi na tisa baadaye, akiwa amelala kwenye kitanda chembamba cha maabara, Dodoma, kichwa kimezungushiwa kilemba cha nyaya.

Aliyaona kwa macho ya mama yake mzazi. Aliinama kwa mgongo usio wake, goti la kulia likimuuma maumivu ya mwanamke wa miaka sitini na mitatu, akanyoosha mikono iliyonuka ndizi mbichi alizokuwa akizimenya, akasema kwa sauti ya bibi, "Njoo. Njoo, mjukuu wangu." Na mtoto akaja.

Kilemba kilipofunguliwa Atuganile alikuwa akilia. Alifuta uso kwa mkono wa koti la maabara, akatoka nje kwenye jua, akapiga simu nyumbani.

"Mama, nimemwona! Kaachia stuli mwenyewe!"

Sekela, mama yake, alicheka. "Kumbe kulikuwa na stuli?"

"Mama, si ulikuwepo."

"Baba Bupe ndiye aliyenisimulia. Mimi pale pamebaki peupe, kama ukutani palipotolewa picha. Lakini si ndivyo tulivyokubaliana? Ilikuwa yangu, sasa ni yako. Mimi watoto wanaojifunza kutembea nimewaona wengi. Wewe soma, mwanangu."

Haikuwezekana vinginevyo. Kumbukumbu si picha iliyolala mahali ikisubiri kunakiliwa. Ni fundo, maelfu ya nyuzi za ubongo zilizofungana kwa namna moja tu. Mashine haikuwa na njia ya kulisoma fundo ila kulifungua, na kila uzi uliofunguka kwa mtoaji, mashine iliufunga mwingine wa kufanana nao kwa mpokeaji. Kikao kikiisha, fundo lilikuwa kwa mtu mmoja tu. Wanafunzi wa Taasisi ile ya Dodoma walikuwa na usemi wao: kilemba hakinakili, kinahamisha.

Atuganile alikuwa akisomea udaktari wa falsafa katika sayansi ya kumbukumbu. Aliondoka nyumbani Bupe akiwa na miezi mitano, maziwa yakimvuja njia nzima kutoka Tukuyu hadi Dodoma. Ufadhili ulikuwa wa miaka mitatu na sharti lake halikuwa na huruma: asiyekuwepo kituoni zaidi ya siku kumi na nne kwa mwaka amejifukuza. Mradi wake ulihitaji jozi nane za watu, mtoaji nyumbani na mpokeaji aliye mbali. Alipata jozi saba. Ya nane ilikosekana, na mtafiti hakuruhusiwa kuwa mpokeaji katika utafiti wake mwenyewe. Akajiandika kwa namba bila jina. Namba ziligawiwa kwa kura; yake ikawa jozi namba sita.

Mtu wa kwanza kumwomba, alipokuwa nyumbani kwa likizo fupi, alikuwa mumewe, Ambakisye, mwalimu wa sekondari.

"Mimi sitoi," alimjibu. "Nikikupa siku atakayotembea, mimi nibaki na nini?"

"Utabaki naye mwenyewe. Mimi sina hata hiyo."

"Umechagua kutokuwa nayo, Mama Bupe."

Sekela alikuwa jikoni akiwasikia. Alitoka na mwiko mkononi. "Acheni kugombana. Nitatoa mimi," alisema. "Mtoto wangu ni huyu mmoja. Asipofaidi jasho langu yeye, nani mwingine?"

*

Kwa miaka mitatu Sekela alikwenda mara kumi na moja kwenye zahanati ya Tukuyu iliyokuwa na kilemba cha pili, na mara kumi na moja Atuganile alilala kwenye kitanda chembamba. Alipokea jino la kwanza. Alipokea usiku wa surua, na asubuhi homa iliposhuka. Alipokea neno la kwanza la mwanawe, ambalo lilikuwa "Bibi", na kwa kuwa sasa lilikaa ndani ya kichwa chake, kila alipolikumbuka aliitwa yeye. Kumbukumbu ya mwisho ilikuwa siku Bupe alipoanza chekechea na kushikilia kitenge cha bibi yake getini, akikataa kuingia darasani.

Wanafunzi wenzake walikuwa wakikonda kwa upweke, lakini Atuganile alinawiri. Aliandika sura tatu za tasnifu kwa miezi miwili. Ambakisye alipompigia kumwambia kwamba mama anaanza kusahau vitu, alimjibu kwamba ni uzee. Alipopiga tena, alimjibu kwamba ana mtihani.

Siku kumi baada ya kikao cha kumi na moja, saa nne asubuhi, Atuganile alikuwa akiosha vyombo vya kioo kwenye sinki la maabara. Maji yalikuwa ya moto kuliko alivyotarajia, akarudisha mkono haraka. Papo hapo akakumbuka mtoto wa kike wa miaka miwili akikimbia na kujigonga kwenye sufuria iliyokuwa motoni. Akakumbuka alivyomnyakua na kukimbia naye katikati ya migomba bila viatu, akimwita Mungu kwa sauti, mtoto akimlilia shingoni, mkono mdogo wa kushoto umevimba malengelenge.

Alifunga bomba. Alidhani ni Bupe. Kisha akakumbuka kwamba Bupe hajawahi kuungua. Akautazama mkono wake wa kushoto uliokuwa na povu la sabuni, na juu kidogo ya kiganja kulikuwa na kovu alilokuwa nalo tangu apate akili.

Hakuna mtu anayekumbuka alivyobebwa akiwa na miaka miwili kwa macho ya yule aliyembeba.

Alipiga simu mikono ikiwa bado imelowa. "Mama, shikamoo. Nina swali. Lile kovu langu la mkononi, nililipataje?"

"Uliungua?" aliuliza, kwa huruma ya kweli kabisa. "Pole. Lini tena?"

"Mama. Nilikuwa mdogo. Ulinibeba wewe."

"Mimi?" Sekela aliguna. "Labda. Hebu ongea na Mwalimu, amekaa hapa."

Ambakisye alipokea simu na kwenda nayo mbali kidogo. "Sasa umesikia mwenyewe," alisema. "Miezi minne nakuambia. Wiki iliyopita aliniuliza mama wa huyu mtoto alikufa kwa ugonjwa gani."

*

Profesa Shekiondo alisoma mara mbili karatasi alizoletewa na Atuganile, akivuta miwani chini na juu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya upole ambayo wanafunzi walijifunza kuiogopa.

"Kwa hiyo fundo halitoki peke yake," alisema.

"Halitoki peke yake. Linavuta yaliyo jirani." Atuganile alichora kwa kalamu ubaoni: duara dogo, kisha mistari ikishuka. "Bibi akimwona mjukuu anatembea, ubongo wake hauanzi fundo jipya. Unafungia juu ya lile la zamani, siku mtoto wake mwenyewe alipotembea. Tunapong'oa la juu, mizizi inakuja nayo. Mwanzoni kidogo kidogo. Kikao cha tano, cha sita, inakuja kwa mafungu. Nimepitia upya vipimo vya jozi zote nane. Zote zinaonyesha, lakini namba sita ndiyo inayoonyesha wazi, kwa sababu ndiyo iliyotoa mara nyingi."

"Mizizi," alisema profesa, kama anayeonja neno. "Hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote vilivyotoka katika jengo hili. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Namba sita ni nani?"

Atuganile aliweka kalamu chini. "Ni mama yangu."

Profesa alinyanyuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Sijakusikia," alisema. "Na hutalirudia. Utetezi wako ni baada ya wiki tano."

"Nataka kumrudishia, Profesa."

"Unaweza. Kwa mtoaji, ncha za nyuzi hukaa wazi siku arobaini tangu kikao cha mwisho. Baada ya hapo zinajifunga, na hakuna kilemba kitakachozifungua. Zimebaki siku thelathini. Lakini wewe umeshanichorea hapo ubaoni, basi malizia mchoro wako. Tukifungua kwako, nini kitatoka?"

Atuganile aliutazama ubao. Alikuwa amelijua jibu tangu asubuhi na amelizunguka siku nzima kama mtu anayezunguka shimo.

"Mizizi yangu," alisema.

"Taja."

"Bupe. Yote. Hata mimba. Hata kumzaa. Hata ile miezi mitano."

"Utaamka hujui kwamba una mtoto," alisema profesa. "Na mtoaji aliyerudishiwa huondolewa kwenye utafiti, na bila namba sita tasnifu yako ni shairi. Watahiniwa waliokwama huwa wananiuliza wafanye nini. Huwa nawaambia watetee kwanza."

"Na mama?"

"Anakula? Analala? Ana afya?"

"Ndiyo."

"Basi hateseki. Anayejua alichopoteza ndiye anayeteseka. Yeye hajui."

*

Alikwenda Tukuyu siku ya thelathini na saba. Alijiambia kwamba alichelewa kwa sababu ya takwimu, na ilikuwa kweli. Kila siku kulikuwa na jedwali moja la kumalizia.

Sekela alikuwa barazani, akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa cheupe kichwani, mwenye nguvu zake. Atuganile alisimama chini ya ngazi, begi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Sekela alijibu kwa uchangamfu, na moyo wa Atuganile ukaruka. Kisha Sekela akaweka ungo chini na kujipangusa mikono. "Karibu. Unamtafuta nani? Mwalimu bado yuko shule."

"Mwanangu" lilikuwa neno alilomwita kila mtu aliyekuwa mdogo kwake.

Atuganile alikaa kwenye ngazi. Waliongea. Sekela alimweleza kwamba anaishi hapa na kumsaidia Mwalimu kulea, maana mtoto wa watu hana mama karibu. Mwalimu ni mtu mwema, alisema, amempa chumba chenye dirisha.

"Na wewe, mama, watoto wako wako wapi?"

"Mimi sikujaliwa," alisema Sekela bila uchungu, akiendelea kutupa mawe kutoka kwenye maharage. "Mungu humpa amtakaye."

Bupe alitoka ndani akiburuta mwanasesere wa vitambaa. Alikuwa mrefu kuliko Atuganile alivyotegemea. Atuganile alijua alama iliyo nyuma ya sikio lake, alijua jasho lake lilivyonukia wakati wa surua, alijua uzito wake mgongoni. Alimpenda kwa mapenzi ya watu wawili.

"Bupe," alisema. "Njoo, mama."

Mtoto alimtazama, akamtambua kwa mbali. "Ni yule wa kwenye simu," alimwambia Sekela, akaenda kujificha nyuma yake. Sekela hakumkumbatia wala hakumsukuma. Alimsogeza tu kidogo ili asimwage maharage, kama mtu anavyomsogeza mtoto wa jirani.

"Bibi," mtoto alisema, akimvuta kitenge. "Mimi Bupe."

"Najua, umeshaniambia asubuhi."

Ambakisye alirudi saa tisa. Walikwenda kuongea nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji.

"Kila siku anamwambia jina lake," alisema Ambakisye. "Anadhani bibi kamkasirikia, ndiyo maana hambebi. Juzi ameniuliza amekosa nini. Inawezekana kumrudishia mama, au haiwezekani?"

Atuganile alimweleza. Hakumficha kitu: siku arobaini, mizizi, Bupe.

Ambakisye alisikiliza mpaka mwisho. "Basi rudisha," alisema.

"Umenisikia nilichosema? Sitamjua mtoto wangu."

"Na yeye anakujua? Umemwona pale barazani. Mtoto huyu alikuwa na mtu mmoja duniani anayemjua kwa kila unywele, na mtu huyo umembeba wewe kichwani umekwenda naye Dodoma. Ukirudisha, Bupe anapata bibi yake, mama anapata mwanawe. Anayepoteza ni mmoja tu."

"Mimi."

"Wewe. Na utasimuliwa. Utaambiwa huyu ni mwanao, utamzoea. Si ndivyo ulivyotuambia sisi? Kwamba inatosha mtu kusimuliwa?"

Atuganile alitaka kumpiga. Alitaka pia kumwambia kwamba hajui kama anachokishikilia ni mtoto au tasnifu, kwamba kila akijaribu kuvitenganisha vinashikana.

"Kesho kutwa," alisema. "Nitampeleka zahanati."

*

Siku ya thelathini na tisa walikwenda wote wanne kwa miguu. Ambakisye na Bupe walibaki nje kwenye benchi. Ndani, nesi Ikupa, aliyewahi kusimamia vikao vyote kumi na kimoja, alimlaza Sekela kwenye kitanda kimoja na Atuganile kwenye kingine, akamfunga Sekela kilemba cha zahanati na Atuganile kile alichokuja nacho begini. Kisha akachukua fomu, kwa kuwa sheria ilitaka mpokeaji aelezwe na akubali.

"Mama Sekela," alisema, "huyu dada hapa ana kumbukumbu zilizokuwa zako. Anataka kukurudishia. Unakubali?"

"Zangu?" Sekela aligeuza kichwa kwa shida, nyaya zikimvuta. "Za nini?"

"Za mtoto."

"Mtoto yupi?"

Ikupa alimtazama Atuganile. Atuganile akajibu mwenyewe. "Za Bupe, mama. Na za mtoto wako mwingine. Ulikuwa na mtoto."

Sekela alifikiri. Alikuwa mtu wa kuchukulia mambo kwa uzito, siku zote alikuwa hivyo. "Na wewe ukinipa," aliuliza, "utabaki nazo?"

"Hapana. Haziwezi kukaa kwa watu wawili."

"Wewe una mtoto?"

"Ninaye. Ni Bupe."

"Ehe! Kumbe wewe ndiye mama yake." Uso wa Sekela uling'aa, kisha ukakunjamana. "Sasa ukinipa mimi, wewe utamkumbuka?"

Ikupa aliinamia fomu.

"Hutamkumbuka, sivyo?" Sekela alijinyanyua, akaanza kukifungua kilemba kwa vidole vyake vigumu. "Hapana. Nyie watoto mna roho gani? Mimi nimnyang'anye mwanamke mtoto wake aliyemzaa kwa uchungu, nizitie hizo kumbukumbu kichwani kwangu, niende nazo wapi? Mimi nimeshaishi. Mfungue huyu dada. Mfungue, aende akamchukue mwanawe."

Alivaa ndala zake, akatoka nje.

Ikupa alibaki na fomu mkononi. Alishusha sauti. "Hajaelewa. Haina shida. Kwa mtu asiyeweza kuamua, ndugu wa karibu anasaini kwa niaba yake, namwita tena, nampa sindano ya kumtuliza, tunaendelea. Ndugu wa karibu ni wewe. Saini hapa."

Alimpa kalamu. Atuganile aliishika. Kupitia dirishani alimwona mama yake amesimama uani akikunja kitenge chake, na Bupe akimwendea, akimwambia kitu, bila shaka jina lake.

"Amekataa," alisema Atuganile.

"Dada, amekataa kwa sababu hajijui. Angejua—"

"Angejua angekataa vilevile. Ndivyo alivyo."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomfaa. Aliweka kalamu mezani. Kitu kilimlegea kifuani, akakitambua kabla hajapata muda wa kukipa jina jingine: ilikuwa nafuu. Sekela hakuwa na chochote kilichobaki kumpa, na bado alikuwa amempa, na Atuganile akapokea kama alivyozoea kupokea.

Nje, Ambakisye alisimama. "Vipi?"

"Mama amekataa."

Ambakisye alimtazama nesi aliyesimama mlangoni. Ikupa alitazama chini. Ambakisye alimnyanyua Bupe mabegani, na njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele, peke yake na mtoto.

*

Utetezi ulichukua saa mbili na dakika kumi. Mtahini mmoja, mzee aliyekuja kutoka chuo kingine, aliuliza kuhusu namba sita.

"Hapa umeandika: mtoaji alikataa kurudishiwa. Alikuwa na uwezo wa kuamua?"

"Aliulizwa na nesi," alisema Atuganile. "Aliulizwa kwa lugha anayoielewa, na alitoa sababu."

"Ana familia?"

"Anayo. Inamtunza."

Mzee aliandika kitu. Walimpa shahada bila marekebisho, na mwezi huohuo baraza la maadili likasimamisha vilemba nchi nzima kwa sababu ya matokeo yake. Watu waliosoma habari hiyo walisema msichana wa Tukuyu ameokoa maelfu ya akina mama, na hawakukosea.

Sherehe ya nyumbani ilifanyika Jumamosi, mchana, uani. Walikuja walimu wenzake Ambakisye, majirani, kwaya ya kanisa la Moravian. Ambakisye alikaribisha wageni vizuri, akatoa hotuba fupi isiyo na kasoro. Ndani yake alimwita mkewe "Daktari" mara nne na hakumwita kwa jina lingine, wala hakumwita hivyo kwa dhihaka. Tangu siku ya zahanati alikuwa hamwiti Mama Bupe. Bupe aliketi kwenye kiti cha pembeni, amevaa gauni la njano. Alikuwa ameacha kumwambia bibi jina lake. Siku hizi alimwita Mama Sekela, kama wanavyomwita watu wengine.

Sekela alikuwa amepika tangu alfajiri. Chakula kilipokwisha aliwapisha wageni, akamfuata Atuganile aliyekuwa amejitenga jikoni, akiegemea ukuta, joho bado mwilini.

"Hongera sana, mwanangu," alisema, akimshika mikono yote miwili. "Sikujua kama umesoma namna hii. Sasa, nimemtafuta mama yako huko nje nimpe mkono, simwoni. Siku kama ya leo! Yuko wapi?"

Atuganile alikuwa na mengi ya kusema, na angeweza kuyasema kila siku ya maisha yake, na kila siku huyu mama angemsikiliza kwa adabu na kumwonea huruma.

"Alifariki," alisema.

"Jamani!" Sekela alimvuta kwake, akamlaza kichwa begani. "Pole. Pole sana, mama. Na sherehe hii yote unaibeba peke yako. Lia tu, lia. Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Alikuwa ananisomesha."

"Wazazi ndivyo walivyo." Alimpapasa mgongoni taratibu, mkono mzito, wenye harufu ya vitunguu na moshi. Nje kwaya ilikuwa imeanza wimbo mwingine, na watu walikuwa wakiita Daktari, Daktari aje akate keki. Sekela hakumwachia. "Ngoja kwanza, wasubiri. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake, dakika moja tu, roho yako itulie. Alikuwa anaitwa nani?"

"Sekela."

"Ala! Kumbe wajina wangu."

Akafumba macho, akamshika Atuganile mikono, na kwa sauti ya chini akaanza kumshukuru Mungu kwa maisha ya Sekela, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, aliyemlea mtoto wake mmoja mpaka akafika huku.